Spika Chini ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi
Tangu asubuhi sijanyoa hata kichwa kimoja. Wateja wote wako ng'ambo ya barabara kwa shemeji, kaka wa mke wangu, tangu aliponunua lile spika jekundu lenye maikrofoni. Eti watu wananyolewa kwa muziki! Mchana akaenda msalani, spika likabaki peke yake. Sikuiba. Nimelihifadhi chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku la mashuka.

Jumanne, 5 Machi
Kiti changu hakikupoa leo! Ila shemeji ameripoti polisi na jina alilotaja ni langu. Kisha wakili mmoja redioni akaeleza kwamba katiba inalinda nyumba ya mtu, polisi hawaruhusiwi kuingia kupekua ovyo bila hati ya mahakama. Nilitaka kuibusu ile redio. Nimekariri yote, hadi pale alipokohoa.

Jumatano, 6 Machi
Wamekuja. Koplo mwanamama na mwenzake, shemeji nyuma yao amevimba. Mtaa mzima nje. Nikasimama katikati ya mlango nikauliza, "Afande, hati ya upekuzi iko wapi?"

Koplo akakiri hana. Akasema hiyo ni haki yangu, akaomba radhi kwa usumbufu. Jamani! Majirani wakanishangilia. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hunitazama kama sufuria iliyoungua, akatabasamu. Muuza mkaa akaomba niwafafanulie wote hiyo katiba. Wa nyuma wakalalamika hawasikii.

Nikaingia ndani, nikatoka na spika.

Niliongea vizuri mno. Hata shemeji alipiga makofi, kisha akaacha. Koplo alikuwa hajafika mbali.

Alhamisi, 7 Machi
Mahabusu. Nimemlalamikia koplo kwamba hati hana mpaka leo. Akanijibu kwa upole, "Ndugu yangu, mimi kwako sikuingia. Wewe ndiye uliyelitoa."

Jumamosi, 9 Machi
Nimetoka. Mke wangu alimlilia kaka yake mpaka akafuta mashtaka, kwa sharti nimfagilie nywele dukani mwezi mzima. Aibu gani hii! Lakini mfagiaji huona mengi. Shemeji ana kiti kipya, kinazunguka, kinapanda na kushuka. Wateja wanakigombania. Nimekipima kwa mpini wa ufagio. Kikilazwa, kinaenea chini ya kitanda.

Safari hii nimejifunza. Kiti hakipigi kelele. Na majirani wakitaka tena kuelezwa katiba, nitapanda juu yake, hata wa nyuma wanione.