Kupe Ahamia Mwisenge

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Musoma, na wa vijiji vya jirani hadi Murangi, kwamba Ndugu Rafaeli Keraryo, Afisa Elimu ya Siasa, ameacha rasmi kuwachukia wenye nyumba.

Tangazo hilo alilitoa mwenyewe, sebuleni kwake, katika nyumba ya serikali, akiwa amesimama wima mbele ya mkewe Eufrasia na kuku mmoja aliyekuwa akiatamia chini ya meza.

"Ndugu wananchi," alianza.

Eufrasia akageuka kutazama nyuma. Hakukuwa na wananchi. "Baba Esta, sema tu. Ugali unapoa."

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Kwa miaka mingi Keraryo alizunguka Mugango, Bunda na Butiama akiwafundisha watu wazima kwamba anayemiliki nyumba ya kupangisha ni kupe: anakula jasho la mwenzake huku amelala. Kwa kiongozi, kuwa na nyumba ya namna hiyo ulikuwa mwiko. Siku moja pale Murangi alimchora kupe huyo ubaoni, mkubwa, mwenye tumbo la kutisha, mpaka wazee wafugaji wakauliza atapelekwa josho lini. Lakini mwaka ule Chama kilikaa, kikatafakari, kikaona kwamba kiongozi naye ni binadamu na anaweza kupangisha. Kupe aliyelala adui wa taifa aliamka mwekezaji.

"Kwa hiyo umegeuka?" Eufrasia aliuliza.

"Sijageuka. Mimi nimesimama palepale. Ni msimamo ndio uliosogezwa, nami nikiwa juu yake."

Akaanza kutafuta nyumba ya bei ya kutupwa. Hakwenda kwa matajiri. Kinadharia, tabaka la chini ndilo linalobeba uchumi wote, na yeye akaona haitakuwa vibaya likimbeba na yeye. Alivaa suti yake ya Kaunda, akachomeka kalamu mfukoni, akapita vichochoro vya mtaa wa Mwisenge mikono ikiwa nyuma. Alipokuta nyumba iliyoinama kidogo aligonga ukuta, akatega sikio, akasema, "Mmh." Hakujua ni nini hasa kinachosikilizwa, ila ukuta uliitika, naye akaridhika.

Ndivyo alivyokutana na Bernado, muuza mitumba aliyekuwa na haraka ya kuhamia Bunda afungue duka kando ya barabara kuu. Bernado alikuwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha, bati zuri, ua mpana. Alitaja bei, na Keraryo akashtuka.

"Mbona rahisi hivyo? Ina mizimu?"

"Haina mizimu, ndugu yangu. Ina wapangaji."

"Walevi?"

"Wala. Wangekuwa walevi ningebaki. Hawa wamesoma."

Keraryo nusura acheke. Masikini Bernado, biashara hajui. "Mpangaji aliyesoma ni hazina," akamwelimisha.

"Basi hazina ni yako," Bernado akasema, akamkabidhi funguo upesi upesi, kama mtu anayekuomba umshikie mtoto, kumbe keshajikojolea.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Keraryo alikata utepe wa kipande cha wavu mlangoni pa nyumba ambayo watu walikuwa wakiingia na kutoka tangu asubuhi. Wapangaji walikaa uani. Mbele kabisa alikaa Wankyo, mama mrefu muuza samaki, kamongo wa kubanika, ambaye chumba chake kilikuwa cha kwanza kushoto tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni. Pembeni yake alikaa Mseti, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi hata siku ya Bwana.

"Katika kutekeleza mageuzi ya makazi," Keraryo alisema, "uongozi umeamua kuihuisha kodi."

"Kuihuisha ndiyo kufanyaje?" Mseti akauliza.

"Kuisaidia ikue."

Wankyo akainuka taratibu. "Mwalimu, umetusahau? Sisi si ndio darasa lako la watu wazima? Ulikuwaga unatufundishia kule kwenye ghala la pamba. Mimi nilikuwaga nakaa mbele, kama hivi." Akawageukia wenzake. "Haya. Mtu anayekula jasho la mwenzake huku amelala, anaitwaje?"

"Kupeee!"

Mkono wa Keraryo ukainuka wenyewe, kama ulivyozoea miaka yote. "Vizuri sana! Tena, kwa sauti!"

"KUPEEE!"

Hapo ndipo alipokumbuka yuko upande gani wa ubao. Akakohoa, akaufunga mkutano kwa sababu za kiusalama.

Kodi haikuhuika. Badala yake Wankyo alimfuata hadi ofisini na habari ya choo. Kilikuwa kimejaa, masika yanakuja, watoto ni wengi. Keraryo akamhakikishia kwamba suala hilo linashughulikiwa katika ngazi husika. Akaunda Kamati Ndogo ya Choo, akajiteua mwenyekiti, akaenda kukikagua akiwa ameziba pua, akatoka na pendekezo kwamba watumiaji wapunguze matumizi.

Masika yakaja bila kusubiri ripoti. Ukuta wa choo ukaanguka mchana kweupe, Mseti akiwa ndani. Hakuumia, ila mtaa mzima ulimwona, na kwa muda watu wakawa hawamtazami usoni wanapoleta baiskeli.

Mwisho wa mwezi Keraryo alikwenda kupokea kodi. Hakupewa kitu. Wankyo alimshika mkono kwa adabu, akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na choo kipya cha matofali ya kuchoma, mlango wa mbao, bati juu.

"Kodi yako hiyo, mwalimu," Wankyo akasema. "Tumeichimbia chini ili isipotee."

Keraryo alitaka kukasirika. Tatizo ni kwamba kilikuwa choo kizuri kuliko cha kwake cha serikali. Akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba mradi umetekelezwa kwa mafanikio chini ya uongozi wake.

"Hongera," Eufrasia akasema. "Na ulichimba upande gani?"

Haukupita muda, vyama vingi vikaruhusiwa, na ikaonekana huko juu kwamba wananchi wameshaelimika vya kutosha. Cheo cha Afisa Elimu ya Siasa kikafutwa. Mkuu wake wa kazi, Mzee Magige, alimwita, akampa mkono kwa muda mrefu, akamwambia kwamba taifa halitamsahau, na kwamba nyumba ya serikali airudishe mwezi huu huu.

"Si tuna nyumba Mwisenge," Eufrasia akasema.

Ni kweli walikuwa nayo. Ila vyumba vyote vilikuwa na watu.

Keraryo akavaa tena suti yake, akaenda kumtoa Wankyo. Alimkuta uani akigeuza samaki juu ya moto.

"Kutokana na mabadiliko ya kimuundo," alianza, "chumba cha kwanza kushoto kinahitajika kwa matumizi ya taifa."

"Taifa gani?"

"Mimi na Mama Esta."

Mseti akacheka mpaka akaangusha spana. Wankyo hakucheka. Aliweka kijiti chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, mume wangu alizama kule Mugango. Habari nililetewa nikiwa nimekaa hapo mlangoni. Wanangu wamekulia humo. Ukinitoa leo, niambie basi niende wapi. Wewe umesoma."

Keraryo alifungua mdomo. Alipekua kichwani hotuba zote alizowahi kutoa, za Bunda na za Butiama, akakuta nyingi zinasema nini kifanyike kwa watu kama yeye, na hakuna hata moja inayomsaidia. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema. Na jambo la ajabu zaidi, hakulisema.

"Na mimi natolewa," alitamka mwishowe, kwa sauti ndogo. "Cheo kimefutwa."

Wapangaji wakatazamana. Wankyo akamwonyesha benchi la nje. "Kaa hapo kwanza. Tunazungumza."

Wakaingia ndani. Mwenye nyumba akakaa nje ya nyumba yake, mapajani kofia. Alisikia kicheko, kisha kimya, kisha jina lake likitajwa na mtu akisonya. Akajikuta ametega sikio mlangoni. Akajionea kinyaa kidogo, halafu akajionea huruma, halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, akajicheka.

Wankyo akatoka. "Mama Esta tumempokea bila kupingwa. Huyo tunamjua, ananunuaga samaki kwangu na anakaa kuongea. Wewe umepita kwa shida. Mseti ataondoa baiskeli zake kwenye stoo, mlale humo. Kodi zetu zinabaki palepale. Na zamu ya kuchota maji haina cheo."

"Naafiki," Keraryo akasema, kana kwamba kuna aliyemwomba aafiki.

Wakahamia. Stoo ilinuka raba, lakini usingizi ulikuja, na baada ya wiki chache alijua kubeba ndoo kichwani bila kulowa mabega.

Asubuhi moja alikuwa amepumzika kwenye benchi baada ya kurudi ziwani na maji, pikapu ikasimama barabarani. Akashuka Mzee Magige, fimbo mkononi, kofia imenyooka.

"Keraryo! Nasikia una mali huku. Nimekuja kuangalia fursa. Watu kama sisi lazima tuwekeze kwa hawa wa chini, ndio wengi."

"Karibu, mzee." Keraryo akatupa jicho kwenye pikapu. Nyuma palikuwa na godoro, kabati, na mke wa Magige amekaa juu ya gunia, uso ameugeuzia upande mwingine. "Na hiyo mizigo?"

Magige akagonga ukuta, akatega sikio.

"Wamenifuta na mimi," akasema kwa ukuta. "Jana. Hivi... hakuna hata kastoo?"

Keraryo akasogea, akampisha nusu ya benchi.

"Kaa hapa. Wankyo akirudi sokoni kamati itakaa. Kofia vua. Na wakikuuliza kazi yako, usije ukataja cheo, mzee, utatuharibia. Sema unajua kuchota maji."

Mzee Magige akavua kofia. Akafikiri sana.

"Ndoo," akauliza, "mnabeba kwa mkono gani?"