Paka Aliyetembelewa Mno

Kinyozi aliwasili kwenye benchi letu, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani, akatangaza habari kwa sauti ya msibani: paka aliyemchukua katika kituo cha wanyama waliotelekezwa alikuwa chini ya kitanda kwa siku ya tatu, na hagusi chakula mtu akiwapo.

“Mama watoto kasema asipotoka kufikia kesho, namrudisha. Na binti yangu keshamshonea mto! Nitamwambia nini mtoto?”

“Huyo paka ana dharau,” akadakia Spika, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. “Jana nimekwenda kumkaribisha. Nimelala kifudifudi sakafuni na shati langu jeupe, nikamsalimu vizuri kabisa. Kanitolea meno!”

“Ulimsalimu au ulimhutubia?” aliuliza Fundi Viatu, misumari ikiwa mdomoni.

“Kwani wewe hukwenda?”

“Nilikwenda. Jirani kapata mgeni, nikae tu? Nikagonga nyundo kidogo kwenye chaga za kitanda, ajue mtaa huu una watu wa kazi.”

Mama Chupa, anayetuuzia kahawa, alishika kiuno. “Aibu! Mgeni mnamgongea nyundo! Mimi nilikwenda kistaarabu, na wenzangu sita, tukampigia vigelegele.”

Nilihisi wajibu wa kusema. “Ndugu zangu, kiumbe huyu ametoka kwenye kizimba. Mpeni chumba kimoja tulivu, maji, chakula, sanduku la mchanga la kujisaidia, na mtu mmoja wa kukaa naye kimya. Atatoka kwa hiari yake.”

“Dada Chuo, kumbe hayo ndiyo mnayosomea huko?” aliniuliza Spika.

“Nasomea sheria.”

“Basi mtetee, usitushtaki sisi!” Spika alinyanyuka kabisa. “Mgeni aingie mtaani asisalimiwe? Atatuonaje?”

“Atawaona akitoka.”

Kinyozi alinigeukia. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi bila kunywewa. “Mdogo wangu, mimi nifanye nini hasa?”

“Keti sakafuni, soma gazeti. Usimwite, usimkodolee macho. Na usiongee.”

“Kinyozi? Asiongee?” Fundi Viatu alicheka hadi msumari ukamtoka. “Mrudishe tu huyo paka, bwana!”

Asubuhi iliyofuata Kinyozi hakutokea. Benchi zima lilikuwa likiilaumu elimu yangu ilipolia simu ya Spika, ambaye aliiweka sauti ya juu ili sote tusikie.

“Katoka,” Kinyozi alinong’ona. “Kala sahani nzima. Sasa kanilalia mguuni, mguu umekufa ganzi, na saluni sifungui leo.”

Kelele zilizolipuka zingeweza kumrudisha paka chini ya vitanda vya mitaa mitatu. Spika alifunga vifungo vya shati jeupe. Fundi Viatu alichukua nyundo. Mama Chupa alikwisha kuwaita wale sita.

“Twendeni tukampongeze!”

Ndipo sauti ya mama watoto ilipopenya simuni, ya chini na iliyopimwa:

“Atakayekuja kupongeza, huyo ndiye nitakayempeleka kituoni badala ya paka.”

Waliketi mmoja mmoja. Nami nilirudi kuketi, maana nilikuwa nimekwisha kutangulia hatua nne.