Kofia ya Waithaka

Jumatatu, 3 Juni 2024
Leo mimi Wanyonyi nimepata mgeni mkubwa! Dada anaitwa Natalie, ametoka Nairobi kuulizia ile filamu ya vijana iliyopigwa hapa Bondeni, kwa holi ya densi, 1971. Kumbe kuna watu wanakusanya filamu kama hizo. Wanapenda vijana wa zamani, nguo zao, densi zao. Anasema imebaki yangu tu duniani. Ndiyo! Nani aliokoa mkebe holi ikifungwa? Ni mimi. Ijumaa analeta mashine ya kuionyesha. Nitamwona mke wangu Namalwa akitembea. Miaka kumi na moja tangu nimzike. Picha yake sina hata moja, mabati yalivuja.

Jumatano, 5 Juni
Shida. Jirani yangu Waithaka naye yumo kwenye filamu. Ametangazia ploti yote kwamba staa ni yeye, eti mimi nilikuwa tu wa kushikia watu soda. Staa! Na ile kofia yake kama sufuria! Nimefunga mlango, nikainua filamu dirishani. Macho yangu yanashinda ya vijana. Kila penye kofia, makasi. Sikuangalia kingine. Nikaunganisha na gundi ya viatu. Vipande nikamrushia juu ya fensi. Chukua staa wako!

Ijumaa, 7 Juni
Natalie ametundika shuka ukutani. Holi hiyo. Vijana wanaingia. Mimi huyo, mlangoni! Nimeshika soda mbili. Nikapiga makofi. Mara watu wanatoka, wanaenda kwao. Kwisha. Natalie akauliza, mzee, densi iko wapi? Watu hutafuta hiyo. Mimi nikauliza, na Namalwa? Ndipo nikakumbuka. Sikujua kucheza. Nilimdanganya mguu unauma. Akacheza na Waithaka nyimbo zote. Natalie akakunja shuka pole pole, akaenda.

Jumapili, 9 Juni
Waithaka amebisha baada ya kanisa. Ameleta vipande kwa karatasi ya unga, amevinyoosha vyote. Akasema, shika mzee, huyu ni wako, hata mimi nilimlilia. Nikainua kimoja dirishani. Namalwa! Mdogo kama punje ya wimbi. Anacheka. Mkono wa Waithaka uko kiunoni mwake.
Nimempigia Natalie. Atarudi Alhamisi aviunganishe vizuri. Siku nne zinatosha. Makasi nimenoa. Safari hii nakata taratibu, kwenye kiuno hapo, nimtoe Waithaka tu.