Kopo la Maharage la Mzee Cletus

Jumatatu, 23 Februari

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa wote wana shajara. Mimi bado si mkubwa, ila daftari nimeshanunua.

Habari nzito leo! Bi Naima, mwenye gesti ninakofanya kazi hapa Kilwa Masoko, katuita jikoni mimi na Ibrahimu wa chapati. Kasema Jumamosi anakuja mgeni wa wiki mbili, Mzee Cletus, Mmatumbi wa milimani kama mimi, aliyekaa Uingereza miaka thelathini akiendesha mabasi. Kaomba kitu kimoja tu: kila asubuhi maharage ya kopo juu ya mkate wa kuchoma. Atakayempatia atakuwa mpishi mkuu. Mwingine atakuwa msaidizi wake.

Nikajibu papo hapo kwamba chakula hicho nimekipika sana, hoteli kubwa, Dar es Salaam. Hoteli kubwa nilifanya kazi kweli. Kitengo cha kumenya viazi. Miezi miwili. Maharage ya kopo niliyaona mara moja, yakiwa yameshaliwa.

Ibrahimu kasema yeye hayajui, ila ataulizia. Mtu mzima anakiri hajui, tena mbele ya tajiri! Nilimwonea huruma.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Antonia, ajiandae kuwa mke wa mpishi mkuu. Kaniuliza kama nimechota maji. Sikuwa nimechota.

Jumanne, 24 Februari

Mkakati! Mtu wa kawaida angenunua kopo lolote. Mimi nitatafuta lililo bora kuliko yote, kwa mashindano.

Duka la hapa lina kopo moja. Lilikuwa na vumbi, na mwenye duka mwenyewe alishangaa kuliona. Nimelichukua. Mpwa wangu Josephat, anayekaa Mitwero, atanitumia la pili kwa basi la Lindi. La tatu litakuja na boti kutoka Songo Songo, kwa fundi mmoja wa kiwanda cha gesi ninayemfahamu. Yaani tumesalimiana mara mbili.

Antonia kauliza kwa nini nisipike maharage tu, na gunia zima la kaka yake wa milimani liko chini ya kitanda. Nikamweleza kwa upole kwamba ya kopo yana utaalamu wake. Kauliza utaalamu gani, si maharage, nyanya na sukari? Kuelimisha watu kunachosha.

Alhamisi, 26 Februari

Makopo yote yamefika. La Josephat limebonyea, konda alilikalia. La Songo Songo linang'aa, maandishi ya kigeni kotekote, sikuelewa hata neno. Bila shaka ndilo mshindi, lakini lazima haki itendeke.

Majaji nimewapata: jirani yangu Mzee Dadi na wadogo zake wawili. Mzee Dadi hulalamikia hata chai ya msibani, kwa hiyo anafaa. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, nikamfunulia bakuli. Kanitazama tu. Amefunga! Ramadhani imeanza wiki iliyopita, nami nimesahau, ingawa niko kwenye Kwaresima yangu na nimeacha sukari. Karibu yote.

Mzee Dadi kasema hakuna shida, niyalete kesho wakati wa kufuturu. Wazo zuri ajabu! Mambo yananinyookea mpaka naogopa.

Ijumaa, 27 Februari

Wazo baya ajabu.

Nilipanga bakuli zangu tatu mkekani, kila moja na namba yake na kopo lake pembeni. Adhana bado. Mzee Dadi akachukua kopo la Songo Songo, akaligeuza, akauliza huyu ni nani. Nyuma palikuwa na picha ndogo ya nguruwe. Anatabasamu.

Sijawahi kukimbia vile nikiwa na bakuli mkononi. Kumbe vile vipande nilivyodhani ni karoti vilikuwa soseji! Nikasema basi nitakula mwenyewe. Nikakumbuka ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama hairuhusiwi. Kopo moja, dini mbili, mlaji hakuna. Paka wetu kala yote, na tangu hapo hataki kuona dagaa. Naamini lilikuwa kopo bora kuliko yote.

Nilirudi kuomba radhi. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikatamani nihame mtaa. Mzee Dadi kanishika bega, kasema hukukusudia baba, kaa tufuturu. Nikakaa.

Adhana ikalia. Wakafungua kwa tende, wakanywa uji. Nikainama kuchukua penseli. Nilipoinuka, bakuli mbili zilizobaki zilikuwa zimefutwa kwa mihogo mpaka zinang'aa. Nikauliza namba moja na namba mbili, ipi bora. Mmoja kasema yote. Wa pili kauliza kama yamebaki. Mzee Dadi, jaji mkuu, kasema kumbe yale yalikuwa mashindano? Alidhani ni mchuzi wa mihogo.

Mshindi hakupatikana. Na makopo yameisha.

Jumamosi, 28 Februari

Mzee Cletus amefika. Mpole, kofia nzuri. Dukani makopo hakuna. Josephat anasema lile lilikuwa la mwisho Lindi nzima. Ibrahimu kamwambia Bi Naima ukweli, kwamba kaagiza kopo Dar na litafika Jumatano. Mimi nikasema yangu yako tayari, kesho asubuhi.

Kwa nini nasema vitu kama hivi? Mdomo ni wangu lakini haunishirikishi.

Ilibidi nimwambie Antonia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akavuta gunia kutoka chini ya kitanda, kanipa ungo, kaniambia nichague mawe vizuri, maharage ya kaka yake huanikwa chini. Nikachagua. Nilichagua kama mpishi mkuu, huku nikiangalia simu.

Jumapili, 1 Machi

Ushindi!

Antonia kapika kwa nyanya nyingi na sukari kidogo, kaponda machache ili rojo iwe nzito. Nikamwagia juu ya mkate uliochomwa kwa mkaa. Pembeni ya sahani nikaweka kopo tupu la Josephat, kama ushahidi. Mzee Cletus kaonja, kafumba macho. Kasema miaka thelathini Uingereza hajala maharage ya kopo matamu namna hii. Kauliza yanatoka wapi. Nikasema ni kopo maalumu, huja na boti ya Songo Songo.

Bi Naima kanitangaza mpishi mkuu palepale. Ibrahimu kanipa mkono, kanipongeza kwa moyo mweupe. Iliniuma. Afadhali angenuna.

Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nawaza kofia ndefu nyeupe.

Jumatatu, 2 Machi

Yaleyale, na sifa zilezile. Mzee Cletus sasa anataka katoni nzima, awapelekee madereva wenzake Uingereza. Nikasema hakuna shida.

Antonia kasema anapika kesho tu. Baada ya hapo niseme ukweli au nipike mwenyewe. Nikaahidi kusema ukweli. Sikutaja siku.

Jumanne, 3 Machi

Kach! Mlio niliusikia kutoka jikoni, nikatoka mbio.

Mzee Cletus alilitoa mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani. Jiwe. Akalitazama jiwe, akalitazama kopo, akanitazama mimi. Akaniuliza polepole, kwa Kimatumbi, ni kiwanda gani cha Ulaya kinachotia changarawe za kwetu milimani.

Nikasema pengine ni toleo jipya. Halafu nikasema yote: viazi, nguruwe, futari, gunia. Machozi yalinitoka. Nikasingizia kitunguu, na kitunguu hakikuwepo.

Yule mzee alicheka huku kashika shavu. Jino ni zima, la bandia lakini zima. Kasema maharage ya marehemu mama yake hayakukosa jiwe hata siku moja, na hakujua kama alikuwa amelikumbuka kiasi hicho. Akaomba aitwe mpishi. Antonia akaja na kanga yake ya nyumbani, Mzee Cletus akainuka kwenye kiti kumsalimia. Mimi hajawahi kuniinukia.

Bi Naima hakucheka. Jiko kampa Antonia. Ibrahimu anaendelea na chapati, kaongezewa na maandazi. Mimi ni msaidizi wa mke wangu.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya kwanza ya usaidizi. Kazi: kuchagua maharage. Simu kaichukua Antonia. Nilichagua saa nzima, Antonia akapitia nyuma yangu, akapata mawe mawili. Aliyaweka tu mbele yangu. Ningependa angesema.

Kopo la Ibrahimu limefika kutoka Dar. Mzee Cletus kaonja kijiko kimoja, kashukuru kwa adabu, kaomba ya Antonia. Lililobaki nikampelekea paka. Kanusa, kaondoka. Anasubiri soseji.

Nakiri nilikosa. Nilimdanganya mzee wa kwetu, nikamtumikisha mke wangu, nikataka sifa ya jasho lake. Alfajiri nilichota maji bila kuambiwa, ndoo nne. Antonia kaniita Baba Flora kwa sauti nzuri, ya kwanza tangu Jumamosi. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Kabla hatujaondoka kazini, Bi Naima alitukusanya. Pasaka anakuja mgeni mwingine, daktari, na anachopenda ni samaki wa kopo. Hapa Kilwa, samaki wanapita mlangoni wakiwa bado wanaruka! Kauliza nani kati yetu anawajua samaki wa kopo. Ibrahimu kasema ataulizia. Antonia kanikanyaga mguu.

Nikasema nimewapika sana, hoteli kubwa, Dar es Salaam.

Kopo la Josephat nimeshaliosha. Limebonyea kidogo tu.