Tochi Yangu na Meseji Kumi za Chepkemboi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Lori la majani ya chai limechelewa tena. Tumekaa kituoni juu ya mifuko tangu saa saba. Zamani lori likichelewa watu walikuwa wakipiga hadithi. Leo kila mtu ameinamia kiganja chake kama anayetafuta mwiba.

Lazarus akatoka kwenye kibanda chake. Huyu alikuja kutoka ziwani miaka ishirini na tano iliyopita kuwa fundi wa umeme kiwandani. Siku hizi anatengeneza simu hapo kando ya mizani na anajiona profesa. Ana simu mpya. Kamera nne! Nikamuuliza anapiga picha ya nini mara nne. Akasema sielewi. Akaeleza betri, akaeleza kioo, akaeleza tochi inayoongezwa na kupunguzwa kwa kidole.

Nikasema simu hiyo inamsikiliza. Ni yeye mwenyewe aliyetuambia kwamba alizungumza na mkewe habari za viatu vya gambuti jikoni, kesho yake simu ikamletea matangazo ya gambuti. Simu za zamani zilikuwa na adabu. Hazikuingilia mazungumzo ya mtu na mke wake. Watu wakakubaliana nami. Lazarus akakasirika, akasema angalau wazungu walioivumbua hiyo tochi walikuwa na akili.

Hapo nikasimama. Nikawaambia tochi ya simu nilivumbua mimi.

Walicheka mpaka karani akaacha kupanga ndoano za mizani.

Lakini ni kweli. Mwaka 2002 nilikuwa na simu ya tatu katika eneo lote la Kapkatet. Tulikuwa tukipanda kilimani kwa mwalimu mkuu kutafuta mtandao, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Nilichoka kubeba simu mkono mmoja na tochi mkono mwingine. Nikachukua tochi ndogo ya kalamu, nikaifunga juu ya simu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kitu kimoja, kazi mbili. Nikaipeleka maonyesho ya kilimo Kericho. Muuza simu mmoja aliyevaa tai aliitazama, akatabasamu, akaniuliza jina langu na akaliandika. Miaka michache baadaye simu zenye tochi zikajaa madukani.

Aliandika jina langu la nini?

Jumanne, 4 Machi

Kericho. Kuna dada anaitwa Beldina ana saiba, duka la intaneti, karibu na stendi. Nikamweleza shida yangu tangu mwanzo, pamoja na rangi ya tai. Alisikiliza kwa heshima. Akasema kitu hicho kinaitwa hataza, na hataza hupewa jambo jipya ambalo halijajulikana na watu. Nikamwambia lilikuwa jipya kabisa. Akasema tatizo ni kwamba sasa linajulikana. Nikamuuliza ni kosa la nani.

Akakubali kunifungulia akaunti kwenye mtandao ili niandike ombi. Inahitaji namba ya simu, maana hutumwa tarakimu za siri kuthibitisha mtu. Nilitaka kumpa hii yangu ya kila siku. Halafu wazo likaja. Wazo zuri sana. Kwa nini nisitumie laini ile ya 2002? Wakubwa wa huko wakiiona namba yenyewe watajua huyu mtu ni wa zamani, hakuanza jana. Beldina akasema kwake namba zote ni sawa. Yeye ni kijana, hawezi kuelewa.

Tumekubaliana abonyeze kesho saa nne. Nikae tayari na simu mkononi, tarakimu zenyewe hudumu dakika kumi tu.

Laini iko hai. Hilo nina hakika. Simu ile nilimpa mke wangu Chepkemboi mwaka 2003 wakati wa uchumba, nikajinunulia nyingine, na mpaka leo anaitunza ndani ya mkebe wa kakao juu ya kabati. Chelimo, binti yetu wa Nakuru, alimletea simu ya kisasa inayofunguka kwa kidole gumba, lakini vidole vya mama yake vimeshika utomvu wa chai miaka ishirini. Simu humwambia ajaribu tena, ajaribu tena. Aliiweka bila kufuli. Anaitumia kwa kwaya. Ile ya zamani ndiyo anayoipenda. Kila Jumapili baada ya kanisa huichaji, huiwekea vocha kidogo laini isife, huisoma kimya, kisha huirudisha kwenye mkebe.

Ni meseji zangu za uchumba. Sijawahi kumuuliza. Mwanamume haulizi mambo kama hayo. Ila huwa nafurahi.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilimwomba Chepkemboi simu kwa adabu. Nilisema ni kwa dakika tano na ni jambo la serikali. Aliendelea kukamua. Akasema, "Baba Chelimo, hiyo simu uwache hapo iko." Nikamwambia laini imesajiliwa kwa jina langu. Akasema ng'ombe pia ni wangu lakini hajawahi kuniona nikimkamua.

Saa tatu akavaa aproni ya plastiki, akabeba kikapu, akaenda kuchuma. Saa tatu na nusu nikashusha mkebe.

Mkononi ilikuwa nyepesi kuliko ninavyoikumbuka. Vitufe vimefutika namba, lakini vidole vyangu vilizijua. Nilipoiwasha ilicheza ule mlio wake. Niliketi juu ya mkebe wa maziwa na kuusikia mwaka 2003 wote, harufu ya kiwanda na baba yangu akiita kutoka zizini. Machozi yalinilenga. Naandika ukweli.

Kwenye kioo, bahasha ndogo inawaka na kuzima. Nilikuwa nimesahau! Nafasi imejaa. Laini za wakati ule zilibeba meseji kumi, ya kumi na moja ilisubiri nje mpaka ufute moja. Ilibidi mtu achague.

Nilifungua ili nichague. Pia nilitaka kujisoma kidogo.

Meseji tisa zinatoka kwa Mama. Yaani marehemu mama mkwe, wa Chebunyo, aliyetuacha mwaka 2009 na ambaye hakuwahi kunipenda. Aliazima simu ya dereva wa pikapu, mpaka akanunuliwa yake. "Mvua imenyesha. Ng'ombe amezaa dume." "Nimetuma maziwa ya mursik na pikapu, rudisha kibuyu." "Mtoto kikohozi imeisha?" "Nilipiga hukushika. Si haraka." Na kadhalika. Nyingine ilikuwa neno moja tu: "Sawa."

Ya kwangu ni moja. "Lori halijafika. Weka chakula kando."

Basi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa. Nakumbuka nilimwandikia mambo mazito, mengine niliyatoa kwenye kadi za dukani. Hakuweka hata moja. Ameweka lori.

Beldina akapiga. Ameshabonyeza. Dakika zinakwenda. Nilitaka kufuta ya lori, ndiyo haki. Lakini nikiifuta mimi sitakuwemo kabisa ndani ya simu ile. Mume hawezi kujifuta mwenyewe. Ya mtoto nisingegusa, ya mursik nisingegusa. Nikafuta "Sawa." Nani huweka sawa?

Tarakimu zikaingia papo hapo. Nikamsomea Beldina. Akaunti imefunguka! Kisha nikazifuta ili nisiache alama, nikarudisha mkebe, mfuniko ukitazama kulekule ulikokuwa ukitazama. Zimebaki tisa. Hawezi kugundua.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipita kwa Lazarus kumwonyesha ni nani mwenye akili. Nikamweleza akaunti, namba ya 2002, meseji kujaa na jinsi nilivyotatua. Akaweka chini bisibisi.

"Mzee, si ungetoa tu hiyo laini uweke kwa hii simu yangu? Meseji ingeingia kwa simu. Hungefuta kitu."

Nikamuuliza kama kilichofutwa kinaweza kurudi. Akasema kwa laini ya zamani namna hiyo, hapana. Akauliza ilikuwa ya nani. Nikamwambia. Nilitegemea acheke, hakucheka. Alisema mama yake alifariki kabla simu hazijafika kwao na hana hata sauti yake. Akanishauri nimwambie mke wangu leo hii, kabla ya Jumapili.

Ushauri mzuri kwa mtu asiye na mipango.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango ni huu. Meseji yenyewe ilikuwa neno moja. Neno moja hata mimi naweza kuandika.

Chepkemboi alipokuwa shambani nilishusha mkebe. Kwenye orodha ya majina nikachukua namba yangu, nikafuta jina langu "Johana", nikaandika "Mama". Kisha kwa simu yangu nikatuma "Sawa." Ikaingia vizuri, kutoka kwa Mama. Sasa ziko kumi na nafasi imejaa kama zamani. Nikakagua mara mbili nukta iko mwisho.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa Chepkemboi alipika chai, akashusha mkebe, akaketi mahali pake dirishani. Nilijifanya natengeneza kiti. Nikaona amesimama. Halafu akaketi tena. Mkono umeshika kifua.

Nilikuwa nimesahau tarehe. Ukifungua meseji yoyote chini yake huandikwa siku ilipotumwa. Mama yake amefukiwa udongo miaka kumi na sita, naye amemwandikia binti yake Ijumaa, saa tano na dakika ishirini.

Kwa muda fulani aliamini. Niliona usoni. Sitaki kuona tena uso ule. Halafu akashuka chini kwenye meseji nyingine, akakuta Mama pia ameandika kwamba lori halijafika na chakula kiwekwe kando. Ni kwa sababu nilibadilisha jina, na jina likabadilika kila mahali namba yangu ilipo. Akageuka akanitazama. Kiti nilichokuwa natengeneza hakikuwa kimevunjika.

Nilimweleza yote. Tochi, tai, Beldina, bahasha. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Akaniambia ile "Sawa" ilikuwa nini. Mwaka 2003 mama yake alikataa nisimwoe. Alisema mimi ni mtu wa mipango. Aliwahi kusikia habari za mpango wangu wa kufuga sungura mia mbili. Chepkemboi alikaa miezi minane katikati yetu, halafu akaandika meseji ndefu kuliko zote alizowahi kuandika, kwamba ameamua, ananipenda hivyo nilivyo, na anaomba baraka. Siku tatu hakuna jibu. Siku ya nne ikaja hiyo. Mama yake hakusema tena neno lolote juu ya jambo hilo mpaka akafa.

Chepkemboi akasema kila nilipofanya ujinga, aliisoma hiyo.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo aliisoma mara ngapi. Akasema karibu kila Jumapili.

Nilitaka kusema nasikitika, na nikasema, na lilikuwa neno dogo mno. Nikajitolea kufuta ile niliyotuma. Akafunika simu kwa mkono. Akasema, "Iwache. Baraka ya mama yangu umefuta, sasa hiyo umejipatia mwenyewe, tuone itakufikisha wapi." Alinirudisha kwenye orodha ya majina. Baadaye nilipiga kujaribu. Kioo kikaandika "Lori".

Nimekula peke yangu. Nilimpenda mama yule leo zaidi ya siku zote za uhai wake. Siku tatu aliwaza, nami nilitumia sekunde mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka nikiwa mtu mwingine. Nimekamua mimi. Ng'ombe alishangaa.

Mkebe haupo juu ya kabati. Chepkemboi ameenda shambani na simu mfukoni, chini ya aproni. Ni haki yake. Mtu ana siri zake na hakuna anayepaswa kuzigusa, hata mume. Nimeliandika hili kwa wino.

Na ndipo wazo likanijia. Wazo kubwa kuliko tochi. Simu inayokataa kufuta meseji mpaka mwenyewe akubali! Ingekuwepo Jumatano, nyumba hii ingekuwa na amani. Hili ni jipya kweli, na nimelipata kwa uchungu. Nikampigia Beldina hapohapo kabla mtu wa tai hajasikia. Amefurahi. Ila nimesahau neno la siri la akaunti, kwa hiyo lazima zitumwe tarakimu nyingine, na zitakwenda kwenye namba ileile.

Najua. Lazarus angeweza kuhamisha laini. Lakini nikimshirikisha atataka jina lake liandikwe kwenye hataza kando ya langu, na mimi nimeshaibiwa mara moja.

Nimemwambia Beldina abonyeze saa nane kamili. Wakati wa kupima majani Chepkemboi huvua aproni, huweka vitu vyake vya mfukoni ndani ya kikapu, na huenda mbele kutazama mizani asiibiwe kilo. Dakika tano zinanitosha. Zile mbili zangu haziguswi, ndiyo kwanza nimekuwa na mbili. Ya kufuta nimeshaichagua: ile ya ng'ombe kuzaa dume. Dume mwenyewe alishauzwa zamani.