Nambari Tisa wa Kamio ya Kabichi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kiwanja kizima. Si hizi za mwilini (hizi zipo, na koti langu la abakosti bado lina mustari wa pasi). Ni zile za heshima. Kaeni. Mimineni bia. Na muache kuniangalia hivyo, najua mumesikia vipande vipande huko njiani. Sasa sikieni yote kwa mwenye mukosi mwenyewe.

Kazi yangu munaijua. Katika timu yetu mimi ndiye jicho. Timu ndogo za divizyo ya chini zikicheza, ninaenda, ninaangalia vijana, ninarudi kusema: huyu tumuchukue, huyu tumuache. Kazi ya heshima kabisa. Mpaka wiki hii, prezida wa timu yetu, Papa Kambale, aliponiita.

"Bahati, yule kijana wa mwisho uliyetuletea, ulisema anakimbia sana."

"Anakimbia sana, Prezida."

"Kweli. Amekimbia mpaka Uganda na viatu vyetu. Ukija tena na mutu wa namna hiyo, utabaki unabeba maji ya wachezaji."

Basi. Huko Sake kuna mushambuliaji wanayemuita Tingatinga. Sifa zake zimefika kila mahali. Wanasema beki akigongana naye anaamuka kesho yake. Na leo Sake walikuwa wanakuja kucheza hapa Goma na vijana wa Kituku. Shida ni kwamba Ndeze, jicho la wapinzani wetu, alikuwa amekwisha kusikia. Lakini mimi nina ndugu Sake. Akanitumia habari: Tingatinga hatasafiri na wenzake. Atakuja peke yake asubuhi, juu ya kamio ya kabichi, lori kubwa linalotoka Masisi.

"Nitamujuaje?" nikauliza.

"Utamujua tu ukimuona."

Nikajiambia: Ndeze atamungojea mujini. Mimi nitamukamata Mugunga, kabla muji haujamuona. (Akili! Muniache nijisifu hapa, nafasi nyingine iko mbali.)

Asubuhi nikapanda pikipiki, nikaenda Mugunga. Kamio ikafika, na kwa bahati ikatoboka tairi palepale kwenye mawe. Watu wakashuka kulalamika. Halafu, juu ya kabichi, akaruka mwanaume. Murefu! Kifua kama mulango wa kanisa. Amevaa kaptula. Wengine wanashindana na tairi, yeye anakimbia pale pale aliposimama, magoti yanafika kifuani. Ananyoosha mugongo. Anazungusha shingo. Hata kipofu angesema huyu ni mutu wa mupira.

Nikamufuata mbio.

"Karibu Goma, papa!"

Akaniangalia. "Wewe ndiye umetumwa kunipokea?"

Nikafikiri: mujanja huyu, anajificha. Na mimi nikajibu kwa ujanja.

"Ndiye mimi kabisa."

"Afadhali. Nilidhani hakuna mutu atakuja. Nina njaa."

Jina sikumuuliza. Mutu wa kazi yangu haulizi jina, anauliza miguu. (Ndiyo. Chekeni hapo, ni mahali pake.)

Nikamupeleka Kituku, kwa mama mumoja anayekaanga sambaza (vile visamaki vyetu) pembeni ya ziwa. Sambaza, bugali, na juu yake samaki mukubwa wa kuchoma. Alikula kama mutu anayejenga nyumba. Nikaanza kumupima kwa maneno.

"Nasikia wanakuogopa sana huko."

"Wananiogopa mpaka Masisi yote. Wengine nikiwaangalia tu, wanatulia."

"Na pumzi? Unafika mwisho wa mechi?"

"Mimi sijawahi kutoka kabla ya mwisho. Hata mvua ikinyesha."

"Na mabeki wakikuchezea vibaya?"

Akacheka mpaka mufupa ukamutoka mudomoni. "Mutu akinisumbua, anatoka kiwanjani. Yeye, si mimi."

Moyo wangu ukawa unacheza ngoma. Nikauliza swali la mwisho, lile kubwa.

"Na magoli?"

Akafuta vidole, akaniangalia machoni. "Papa, goli haliwi goli bila mimi."

Ndugu zangu, mungefanya nini? Nilimuongezea samaki wa pili! Halafu nikamuomba anipe muguu. Alishangaa, lakini akanyoosha. Nikabonyeza goti. Nikapima paja kwa viganja. Nikamuomba aruke rundo la nyavu za wavuvi. Akaruka, na nafasi ikabaki. Wavuvi wakapiga makofi.

"Hapa Goma muko na utaratibu," akasema. "Kwetu hakuna mutu anatupima."

"Sisi hatuchezi," nikasema. (Mimi huyu!)

Nikamushusha nyuma ya kiwanja akabadili nguo. Nikaenda kukaa kwenye benchi za wakubwa, karibu na Papa Kambale. Ndeze alikuwa benchi ya chini, amekosa raha, anageuka geuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaona huruma. Nikasema kwa sauti, ili anisikie:

"Prezida, usisumbuke kumutafuta Tingatinga. Nimekwisha kula naye. Goti lake nalijua kama langu."

Papa Kambale akanipiga bega. "Leo umefanya kazi."

Watu wa Sake wakatoka. Nikawaangalia. Nikawaangalia tena. Mutu wangu hayupo! Nambari tisa mugongoni yuko kijana mufupi, mupana kama mutungi, bila shingo. Huyo nilimuona Mugunga, anashindana na tairi ya kamio!

"Ni yupi?" Papa Kambale akauliza.

"Anakuja. Labda anafunga viatu."

Akaja. Murefu, kifua mbele, anatembea kama mwenye kiwanja. Amevaa nguo nyeusi juu mpaka chini. Shingoni ana filimbi.

Arbitri!

Niliomba ziwa lipande linichukue. Halikupanda. Nikainama kujificha nyuma ya kofia ya Papa Kambale, lakini yule bwana ana macho (ni kazi yake). Akaniona. Akasimama katikati ya kiwanja, akanyanyua mukono, akapaza ile sauti yake ya milimani:

"Papa! Asante kwa samaki!"

Kiwanja kikapasuka. Mulisikia kelele hiyo hata nyinyi muliokuwa nyumbani, nina hakika. Watu wa Sake: "Arbitri amekula! Kituku wamemulisha!" Watu wa Kituku: "Amekula! Sake wamemulisha!" Upande mumoja wanaokota mawe, na munajua mawe hapa kwetu hatuyatafuti mbali.

Komisere wa mechi, muzee mumoja mukali mwenye fimbo, akaniita chini. Nikashuka zile benchi na macho yote mugongoni. Arbitri naye akaja.

"Bwana sitwayen," komisere akasema, "ulimulisha arbitri?"

"Nilimulisha, muzee."

"Aliniambia ametumwa kunipokea," arbitri akasema.

"Mutu wetu wa kumupokea amekaa ofisini tangu asubuhi, anangoja. Wewe ulitumwa na nani?"

Hapo hakuna njia nyingine. Ukweli tu.

"Muzee, nilifikiri ni nambari tisa wa Sake."

"Kwa nini ulifikiri hivyo?"

"Kwa sababu ya miguu."

Wale wa karibu wakaanza kucheka. Na yule arbitri, mutu mwema, asiye na ubaya wowote moyoni, akaelewa. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akasema, na filimbi bado mukononi, mbele ya watu wote:

"Kumbe ndiyo maana ulinishika mapaja!"

Basi. Ilikwisha. Watu walianguka. Mama mumoja aliweka beseni lake la karanga chini apate kucheka vizuri. Wale wenye mawe wakayaachilia, maana mutu hawezi kucheka na kutupa jiwe pamoja. (Niandikieni hilo: nimeokoa mechi.) Ndeze akasimama juu ya benchi: "Bahati! Ukimaliza na arbitri, upime na vile vibendera vya kona!"

Papa Kambale hakucheka. Aliniangalia tu, kama mutu anayetafuta ndoo ya maji.

Komisere akaamua. Arbitri hana kosa, mechi ichezwe. Lakini mimi nitoke karibu na wakubwa, nikakae peke yangu nyuma ya goli la Kituku, ambapo kila mutu ataniona. Nikaenda. Huko hakuna benchi, ni mawe meusi ya volkano. Nikakaa juu ya jiwe na abakosti yangu.

Na ni hapo, ndugu zangu, juu ya lile jiwe, ndipo siku iligeuka.

Golikipa wa Kituku anaitwa Byamungu. Usiku anavuta nyavu ziwani na baba yake mudogo, asubuhi anaenda masomo, muchana anacheza. Si murefu. Hakuna jicho hata moja lililokuja leo kumuona yeye. Hata mimi sikuja kwa ajili yake. Lakini mutu akikaa nyuma ya goli, anaona kitu ambacho benchi za wakubwa hazikioni. Niliona miguu yake. Tingatinga (yule wa kweli, yule mutungi) anapiga shuti, na Byamungu haruki. Amekwisha kufika. Hatua ndogo moja kabla mupira haujaondoka, na mupira unamukuta kifuani kama mutu aliyerudi nyumbani. Nikafikiri ni bahati. Likaja la pili. La tatu likatoka kwa kichwa, karibu kabisa. Amefika tena! Na wakati wote anasema na mabeki wake, taratibu, kama anawapanga kwenye mutumbwi: "Wewe Safari, rudi kidogo. Usimukimbilie, muache aje. Atageuka kushoto." Na Tingatinga anageuka kushoto.

Nikasahau aibu. Timu zilipobadilishana magoli, nikamufuata nyuma ya goli la pili. Nikasimama.

Mupira ulipotoka nje, akageuka kuuokota karibu na miguu yangu.

"Papa, ni wewe uliyemulisha arbitri?"

"Ndiye mimi."

"Ungemutilia pilipili zaidi. Anatuonea."

Na kweli, karibu na mwisho, yule rafiki yangu mwenye mapaja mazuri akapiga filimbi: penalti kwa Sake. Kiwanja kizima kikanigeukia. "Samaki! Samaki! Samaki!" Sikuwasikia. Nilikuwa naangalia visigino vya Byamungu. Tingatinga akaja mbio. Byamungu akasimama tu. Akangoja, akangoja mpaka mimi nikafumba jicho moja, halafu akaenda kulia hatua moja na kuukumbatia mupira. Palepale akautupa kwa mukono, ule mukono wa nyavu, ukavuka mustari wa katikati, ukamukuta kijana wa Kituku yuko peke yake. Goli! Moja bila. Na arbitri akamaliza mechi.

Ndeze akakimbia kwa Tingatinga. Kila mutu akakimbia kwa Tingatinga. Mimi nilikuwa nimekwisha kumushika Byamungu mukono.

"Usiende kokote. Ngoja hapa."

"Unataka kunishika magoti?"

"Wewe sikuhitaji kukushika."

Nikamuburuta Papa Kambale mpaka pale. Alikuja akinung'unika.

"Bahati, umeniletea arbitri asubuhi, sasa unaniletea golikipa mufupi?"

"Prezida, wewe ulikuwa mushambuliaji. Mupige wewe mwenyewe."

Watu wakaanza kukusanyika. Papa Kambale hawezi kukataa akiambiwa alikuwa mushambuliaji. Akavua abakosti, akanipa nimushikie. Akaweka mupira. Shuti la kwanza: kifuani. La pili, la pembeni kabisa: kifuani. Watu wakaanza kuhesabu kwa makofi. Papa Kambale akarudi nyuma sana, akapumua, akaja na hasira ya miaka yake yote, akapiga. Mupira ukaenda. Na kiatu kikaenda! Byamungu akauzuia mupira kwa kifua na mukono wa kushoto, na kwa mukono wa kulia akadaka kiatu hewani.

Akakirudisha kwa heshima, mikono miwili. "Kiatu chako, papa."

Kelele iliyotoka hapo ilifika mpaka Gisenyi. Papa Kambale akasimama na soksi moja kwenye vumbi jeusi, akacheka mpaka machozi. Halafu akanigeukia mimi.

"Bahati, maji yatabebwa na mutu mwingine."

Walewale waliokuwa wanaimba "Samaki!" ndio walioninyanyua. Nimezunguka kiwanja juu ya mabega yao! Hata arbitri alikuja kunipa mukono, akasema kama kuna siku ninatafuta mutu wa kukimbia, yeye anasimama Mugunga kila mwezi. Halafu tukaenda Kituku kwa mama yake Byamungu. Aliuliza swali moja tu: atamaliza masomo? Papa Kambale akaapa mbele ya majirani kwamba atamaliza. Mama akakubali.

Ndeze alikwisha kugundua. Tulipotoka, alikuwa anauliza kila mulango wa Kituku: golikipa yuko wapi? Kwa hiyo nimemuleta hapa kwangu, mpaka kesho karatasi zikamilike.

Ndiyo hayo. Sasa chekeni, mumengoja sana. Lakini chekeni ndani ya vikombe: kijana amelala chumba cha pili, na Ndeze anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa.