Kisanduku Kimoja, Mayai Mia Tatu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeingia katika historia ya Nateete, mtaa wetu hapa Kampala. Nateete yenyewe bado haijui.

Mama Joska alifika dukani kwangu saa tatu asubuhi. Sajini mstaafu wa polisi, sasa anatotolesha vifaranga nyuma ya soko. Anataka umeme wa jua kwenye mashine zake za kutotolesha. Umeme wa waya unakatika ovyo, na mayai hayajui kuvumilia. Na si yeye peke yake! Kikundi chake cha wanawake wafuga kuku kina nyumba kumi na mbili. Fundi atakayemridhisha atapewa na hizo.

Kumi na mbili!

Nikamwonyesha inveta yangu ya yote-kwa-pamoja. Kisanduku kimoja cha bluu cha kutundika ukutani. Ndani yake kila kitu: kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, kinachochaji betri, kinachopokea jua la paneli, kinachohamia umeme wa waya jua likizama. Nikamweleza kwamba zama za nyaya kutapakaa ukutani kama utumbo wa mbuzi zimepita. Akasikiliza kwa makini. Aliniita Hajji. Maka sijafika bado, lakini mteja hasahihishwi.

Halafu akavuka barabara, akaingia kwa Mushagalusa.

Mushagalusa ni fundi kutoka Bukavu. Jirani yangu kwa miaka sita, mshindani wangu kwa mitano na nusu. Yeye ni mtu wa vipande: inveta peke yake, kidhibiti chaji peke yake, swichi peke yake. Nilimsikia akimwambia Mama Joska (nilikuwa napita tu, mara ya tatu) kwamba kwake kikiharibika kimoja unabadilisha hicho kimoja, lakini kwa Nasser, yaani kwangu, kikiugua kimoja, vyote vinalazwa.

Mama Joska hakubishana na yeyote. Alitoa amri. Ana mashine mbili, kila moja ina mayai mia tatu, vifaranga watatoka Jumamosi. Mimi nifunge mtambo wangu kwenye mashine moja, Mushagalusa afunge wake kwenye ya pili. Jumapili atatoa hukumu.

Nimeshashinda. Zimebaki siku tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefunga mtambo kwa nusu siku. Mushagalusa hadi jioni alikuwa bado anakaza skrubu. Ushindi wa kwanza.

Lakini kisanduku ukutani kilionekana kidogo mno. Kinyonge. Mteja akiona kitu kidogo anadhani ni kitu hafifu. Nikapata wazo. Nyumbani tuna kabati la vyombo lenye milango ya vioo, alilokuja nalo mke wangu Rukiah tulipooana. Nikalibeba kwa bodaboda, nikatundika inveta ndani yake, nikafunga vioo. Utukufu! Kama kito cha sultani.

Mushagalusa alikuja kutazama. Akauliza hewa itaingilia wapi. Nikamjibu kwamba vifaranga hutoa manyoya na vumbi, kwa hiyo kabati ni kinga. Akauliza tena hewa itaingilia wapi. Mtu huyu hana maswali mengine.

Rukiah amekuta vikombe vyake ishirini na vinne juu ya kitanda. Amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nimemwambia kabati lipo kwenye maonyesho ya kitaifa.

Jumatano, 10 Septemba

Mitambo yote miwili inafanya kazi. Hili halinifai. Mtu hashindi kwa kulingana.

Saa nne nikapanda paa la Mama Joska na pazia zito la sebuleni, nikisingizia kwamba nasafisha paneli. Nia: kufunika paneli za Mushagalusa kidogo, jua lipungue, heshima yake ipungue nayo. Nilipanda kwa nyuma ili asinione. Nikafunika paneli nne kwa ustadi, nikaweka matofali kwenye pembe, nikashuka.

Rukiah ameuliza pazia la sebuleni liko wapi. Nimejifanya nimelala.

Alhamisi, 11 Septemba

Maajabu!

Asubuhi nilikwenda kushuhudia aibu ya Mushagalusa. Mtambo wake unacheka. Wangu hauoni jua hata chembe. Nilisahau kwamba ukipanda paa kwa nyuma, kushoto inakuwa kulia.

Lakini sikiliza, ewe shajara. Paneli zangu zilipokosa jua, kisanduku kilikula betri, betri ilipopungua kikahamia umeme wa waya. Chenyewe! Bila mtu kugusa kitu! Mashine ya mayai haikupoa hata nukta. Kwa Mushagalusa ni lazima mtu asimame ageuze swichi kwa mkono.

Nikamwita Mama Joska mbio. Nikampandisha ngazini, nikamwonyesha pazia. Nikasema nimefanya jaribio la makusudi, la kisayansi, la kumnyima mgonjwa chakula ili tuone nguvu zake.

Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hii kitu ina akili, Hajji," akasema. "Kuliko askari wengi nilikuwa nao."

Mushagalusa mwenyewe alikiri kwamba kuhama kwenyewe ni jambo zuri. Alikiri! Mbele ya shahidi! Kisha akauliza kama nimeshatoboa kabati.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika saa mbili usiku. Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, kwa sababu hakuna atakayeyasoma.

Umeme wa waya ulikatika tangu asubuhi, mtaa mzima. Jua kali. Siku ya mitambo kuonyesha uanaume. Nilikwenda msikitini nikiwa na amani. Niliporudi saa nane na nusu, nikamkuta Mama Joska amesimama mbele ya kabati, mikono nyuma. Taa nyekundu. Kwenye kioo cha inveta namba: 04.

Akauliza ni namba ya nini. Nikamwambia ni daraja. Nikamwambia kampuni hutoa madaraja, na nne ni la juu.

"Basi mbona mashine yangu imenyamaza?"

Kweli ilikuwa imenyamaza. Nikafungua vioo. Joto lililotoka lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri la mkate. Feni ya inveta imevaa kama kofia manyoya ya vifaranga wa mwezi uliopita, yaliyopenya kwenye mianya ya kabati. Kisanduku kimejizima ili kisiungue.

Mtu mwenye subira angekiacha kipoe. Mimi nilikimbia kwa muuza sharubati, nikarudi na mfuko wa barafu, nikauweka juu ya inveta. Busara ya haraka! Baada ya dakika tano mfuko ukavuja. Kikatoka kishindo kidogo. Kisha moshi mdogo, wa adabu, ukapanda taratibu hadi kwenye rafu ya vikombe.

Betri imejaa. Paneli zinawaka jua. Na hakuna njia ya umeme kutoka, kwa sababu njia zote zilipita katika kile kisanduku. Mayai mia tatu yanapoa, siku moja kabla ya kuzaliwa. Nikaweka sikio kwenye mlango wa mashine. Nikasikia kitu. Kwanza nilidhani ni panya. Walikuwa wao. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mayai.

Sijui miguu ilinipelekaje kwa Mushagalusa. Alikuwa anakula mihogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima. Yaliyotoka ni: "Wanalia humo ndani."

Hakuniuliza habari ya hewa. Alinawa mikono, akachukua waya.

"Twende, mukubwa," akasema. "Mayai haina makosa."

Inveta yake haikuweza kubeba mashine mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tukazilisha kwa zamu: dakika kumi yangu, dakika kumi yake. Mushagalusa alitazama vipimajoto, mimi niligeuza swichi. Mama Joska alishika saa yake ya polisi na kutoa amri: "Geuza!" Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili na robo. Swichi ile ile niliyoicheka jana. Kidole gumba kimeota lengelenge. Kila nilipohama nilisikia sauti zile, na kila mara nilihofu zamu inayofuata kutakuwa kimya.

Umeme wa waya uliporudi, Mushagalusa aliunganisha mashine yangu moja kwa moja ukutani, akarudi kwenye mihogo yake iliyopoa. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia waya wake ni mzuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Vifaranga!

Mia mbili themanini na nane upande wangu. Upande wa Mushagalusa mia mbili sabini na tisa. Nimehesabu mara nne, mara moja mbele yake, kwa sauti. Mama Joska anasema mayai ya upande wangu yalitoka kwa majogoo bora zaidi. Siamini habari za majogoo. Inveta yangu imekufa ikitoa uhai. Ni shujaa.

Mmoja alitoka nikiwa nimemshika kiganjani, bado ana unyevu, ananitazama kama ananijua. Macho yaliniuma. Manyoya, bila shaka.

Rukiah alikuja kulichukua kabati. Akakuta masizi, maji ya barafu na kinyesi cha vifaranga. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Lakini Mama Joska alikuwa ameshamsimulia yote, na Rukiah akanitazama kidole gumba, akakifunga kitambaa. Kisha akasema pazia analitaka leo.

Jumapili, 14 Septemba

Hukumu. Wanawake kumi na wawili kwenye mabenchi, mimi nimevaa kanzu, Mushagalusa ametoka kanisani na tai yake.

Mama Joska akasimama. Akasema kisanduku cha Nasser si kibaya: kinafaa nyumba ndogo, hakichukui nafasi, kinahama chenyewe hata mtu akiwa shambani. Lakini mtu asikitegemee kwa roho ya kiumbe bila njia ya pili. Kwa hiyo mashine za mayai zitafungiwa mtambo wa vipande. Nyumba kumi na mbili kila moja itapata kisanduku chake, ukutani, mahali penye hewa, na swichi ya pembeni ili kisanduku kikifa, umeme wa waya upite bila kukiomba ruhusa. Mimi nitaleta visanduku. Mushagalusa atafunga na kusimamia. Mimi nitashika ngazi.

Kila mtu akapiga makofi. Nikainama mara tatu.

Nimekokotoa: visanduku kumi na viwili dhidi ya mtambo mmoja wa vipande. Ushindi wa kumi na mbili kwa moja! Na Mushagalusa atakuwa anafanya kazi juu ya ngazi yangu, yaani chini ya mamlaka yangu. Alinipa mkono. Nilimpa wa kushoto, wa kulia bado una lengelenge.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka na wazo kubwa kuliko yote.

Kwa nini visanduku kumi na viwili? Nyumba zote zimepakana! Yupo mtu Kabalagala anayeuza inveta moja kubwa ya yote-kwa-pamoja, ukubwa wa jokofu. Moja tu! Inabeba nyumba zote kumi na mbili, pampu ya maji, na taa za uchochoro. Swichi ya pembeni ya nini? Pesa ya swichi itanunua rangi. Nitaipaka dhahabu.

Nimewaambia wanawake wote kabla ya saa nne. Wameshangilia. Mama Joska ameomba kiti.

Nimemwambia na Mushagalusa. Ameketi juu ya ndoo mbele ya duka lake, mikono kichwani.

Wivu ni ugonjwa mbaya sana.